Dakika kumi na tano za kula katika zamu ya saa kumi na mbili

Ndugu Mshauri,

Natumaini hujambo pamoja na wasomaji wote wa safu hii. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Walukuba hapa Jinja, na kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa nimekuwa nikifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia ambacho sitakitaja jina. Kazi yangu iko upande wa kufungasha. Chupa zinatujia zikiwa zimejazwa, nasi tunakagua vizibo, tunabandika upya lebo ambazo mashine imezikosea, kisha tunapanga chupa kwenye katoni. Katika zamu yetu tuko wanawake ishirini na sita, na kazi yote tunaifanya kwa kusimama.

Tunaingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni, siku sita kwa wiki, na kila baada ya wiki mbili tunabadilishana na wenzetu wa usiku. Malipo ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo hutolewa kila baada ya siku kumi na nne. Saa saba mchana kengele inalia na tunapewa dakika kumi na tano za chakula. Hayo ndiyo mapumziko pekee tunayoyapata tangu tunapoingia hadi tunapotoka.

Ningependa uelewe dakika hizo zinavyokwenda. Kwanza tunavua aproni na kofia na kuzitundika, halafu tunapanga mstari mlangoni ili mlinzi atupekue mmoja mmoja asije mtu akatoka na chupa. Baada ya hapo tunanawa kwenye bomba moja, na mafuta hayatoki mkononi kwa maji matupu, kwa hiyo kila mtu anachukua muda. Kisha tunapanga foleni ya posho, yaani ugali, na maharage. Sahani inapofika mkononi zimebaki dakika tano au sita, na posho imetoka jikoni wakati huohuo, bado inaunguza. Wengi wetu tunameza bila kutafuna, na wanaosimama mwisho wa foleni hurudi kazini wakiwa wameonja tu. Anayechelewa hata kidogo anaandikwa kwenye daftari la msimamizi na kukatwa shilingi 2,000. Mimi nimekwisha kukatwa zaidi ya mara moja.

Kuhusu choo, mstari wetu mzima una kibao kimoja cha mti, na asiyekuwa nacho mkononi haruhusiwi kutoka. Ukikuta mwenzako amekwenda nacho, unasubiri. Kuna dada mmoja ana ujauzito wa miezi sita, na siku moja alilia mbele yetu sote kwa sababu msimamizi alikataa kumpa ruhusa mara ya pili kabla ya saa sita mchana. Mimi mwenyewe nina vidonda vya tumbo, na mganga wa kituo cha afya aliniambia nile kwa wakati na nisikae na njaa muda mrefu. Nilipompelekea msimamizi maneno hayo alinijibu kwamba kiwanda si hospitali.

Tulipojaribu kuuliza kwa adabu, tulipewa majibu matatu. La kwanza, sisi ni vibarua wa siku na kibarua hana mapumziko ya kisheria. La pili, tulipoingia tulitia saini karatasi inayosema tumekubali utaratibu wa kampuni. La tatu, chakula tunapewa bure, kwa hiyo tusidai na muda. Halafu msimamizi akaongeza kwamba langoni kuna watu wengi wanaotafuta kazi.

Naomba unieleze, je, sheria ya Uganda inatupa haki ya kupumzika na kula, na ni muda gani? Je, ni kweli kibarua hana haki hiyo? Je, wana ruhusa ya kutukata fedha? Na kama tuna haki, tuipeleke wapi malalamiko yetu bila kufukuzwa? Watoto wangu wanasoma kwa mshahara huu.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Walukuba, Jinja

JIBU

Dada yangu wa Walukuba,

Pole sana kwa hayo unayopitia, na mfikishie pole hiyo mwenzako mwenye ujauzito. Barua yako nimeisoma kwa makini, na nitaanza na lile swali linaloyabeba mengine yote. Ndiyo, sheria ya Uganda inakupa haki ya kupumzika, na haki hiyo haitokani na huruma ya msimamizi.

Msingi wake uko kwenye Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 40 inaliagiza Bunge litunge sheria za kuhakikisha kwamba kila mfanyakazi anapata mapumziko, saa za kazi zenye kiasi na likizo yenye malipo, pamoja na malipo ya sikukuu za umma. Ibara hiyohiyo inataka watu wafanye kazi katika mazingira salama yenye kulinda afya, na inamtaka mwajiri ampe mwanamke ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Katiba inasema kila mfanyakazi. Haikumbagua kibarua, wala mfanyakazi wa usiku, wala anayelipwa kwa siku.

Kutokana na agizo hilo tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Katika sehemu inayohusu saa za kazi, sheria hiyo inampa mfanyakazi wa saa nane kwa siku mapumziko ya dakika 30. Ninyi mnafanya kazi saa kumi na mbili na mnapewa nusu ya muda ambao mtu wa saa nane anastahili kupewa. Hata kama mngetoka saa tisa alasiri, dakika kumi na tano bado zingekuwa pungufu.

Sasa nizungumzie namna dakika zenyewe zinavyotumika, kwa sababu hapo ndipo barua yako iliponigusa zaidi. Kwa maoni yangu, muda unaotumika kupekuliwa na mlinzi ni muda wa kazi ya mwajiri. Upekuzi ni kwa faida ya mali yake, si kwa faida ya tumbo la mfanyakazi, na hali kadhalika kuvua vifaa vya kazi na kunawa mafuta ya kiwandani. Kwa hiyo mnapokwenda kuzungumza na uongozi, msiombe kuongezewa dakika tu. Ombeni mapumziko yahesabiwe kuanzia pale mtu anapokuwa amekwisha kutoka mlangoni. Ombeni pia mabomba ya kunawia yaongezwe na sabuni iwekwe, na kama jiko haliwezi kuwahudumia watu ishirini na sita kwa mara moja, mgawanywe makundi mawili, moja likila mashine zikiendelea na lingine likifuata. Utaratibu wa namna hiyo hausimamishi uzalishaji, na meneja anayejua kazi yake ataona kwamba hasara yake ni ndogo kuliko ya mtu aliyechoka akashika vibaya mashine ya vizibo saa kumi na moja jioni.

Suala la mapumziko haliwezi kutenganishwa na urefu wa siku yenu ya kazi, na hapa naona kosa kubwa kuliko lile ulilouliza. Sheria ya Ajira imeweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki. Kiwango hicho si kigeni duniani, maana mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani na uliweka saa nane kwa siku na 48 kwa wiki. Sheria yetu inaruhusu saa ziongezeke kwa makubaliano, lakini zisizidi 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Kwa wanaofanya kazi kwa zamu inalegeza kidogo, kwa kuruhusu siku moja au wiki moja ipite kiasi, mradi wastani wa wiki tatu usizidi saa 10 kwa siku na 56 kwa wiki. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu uongozi huenda ukajitetea kwamba ninyi ni watu wa zamu. Utetezi huo hauwasaidii. Tukitoa nusu saa ya mapumziko kila siku, ingawa kwa kweli hampewi, mnabaki na saa 69 kwa wiki, na kwa kuwa kila wiki ni hivyohivyo, wastani wa wiki tatu ni 69 vilevile.

Saa za ziada zina bei yake. Kila saa inayozidi nane kwa siku au 48 kwa wiki inapaswa kulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa, na ikiwa saa hizo za ziada zimefanywa katika sikukuu ya umma, malipo ni mara mbili. Ukichukua shilingi 10,000 kuwa malipo ya siku ya saa nane, saa moja ni shilingi 1,250 na saa ya ziada ni shilingi 1,875. Saa 21 za ziada kwa wiki zinakufikisha shilingi 39,375, juu ya zile 60,000 unazopata sasa. Mwajiri anaweza kudai kwamba 10,000 ni malipo ya saa kumi na mbili zote. Mtakapofika hapo, mwombeni aonyeshe ni wapi mlikubaliana hivyo kwa maandishi, kwa sababu sheria inamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi, yakiwemo malipo na saa za kawaida za kazi, kabla ya kupita wiki 12 tangu aanze. Wewe umepita muda huo zamani, na mwajiri aliyeshindwa kuandika masharti hana msingi mzuri wa kusimamia anapodai kwamba masharti yalikuwa haya au yale.

Siku ya saba mnayopumzika ni haki yenu pia. Sheria inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya mapumziko, kwa hiyo mkianza kuitwa Jumapili kwa sababu ya maagizo mengi ya wateja, mjue kwamba hilo nalo lina mipaka.

Nije kwenye majibu matatu mliyopewa.

Kwamba ninyi ni vibarua na kibarua hana haki: hili si kweli kwa pande zote mbili. Kwanza, haki ya mapumziko haikuwekewa watu wa mkataba wa kudumu peke yao. Pili, wewe si kibarua tena machoni pa sheria, hata kama daftari la malipo linakuita hivyo. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne, na akiendelea baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mwajiriwa wa kawaida. Umefanya kazi zaidi ya mwaka. Hata likizo yenye malipo unastahili, kwa hesabu ya siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, nami nina hakika hujawahi kuipata. Naijua tabia hii ya kumwita mtu kibarua miaka na miaka, na kila ninapokutana nayo nasikitika, kwa sababu inamfanya mfanyakazi mwenyewe aamini kwamba hana chochote cha kudai.

Kwamba mlitia saini: karatasi haiwezi kufuta sheria. Sheria ya Ajira hairuhusu makubaliano yanayompunguzia mfanyakazi haki alizopewa na sheria hiyo. Makubaliano yanaweza kumpa zaidi, hayawezi kumpa pungufu. Hata hivyo, omba nakala ya karatasi hiyo, na kama imeandikwa Kiingereza ambacho hukukielewa vizuri, mtafute mtu unayemwamini akusomee neno kwa neno kabla hujakwenda popote.

Kwamba chakula ni bure: ni jambo jema kampuni kuwapa posho na maharage, na katika mazungumzo yenu mshukuru kwa hilo kwa dhati. Lakini sahani ya chakula haiwezi kuwa malipo ya muda wa kuila. Mwajiri asiyetoa chakula anadaiwa dakika 30, na anayetoa anadaiwa zilezile.

Kuhusu shilingi 2,000 za kuchelewa, jibu langu ni kwamba makato hayo hayana msingi. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara, nayo ni kodi na michango inayotakiwa kisheria kama ile ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, michango ya akiba ya uzeeni ambayo mfanyakazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi, kodi ya nyumba aliyopewa na mwajiri kwa makubaliano, na ada za chama cha wafanyakazi. Faini ya kuchelewa kutoka foleni ya chakula haimo. Msimamizi ana njia zake za nidhamu, kama vile onyo la maandishi, lakini haruhusiwi kuingiza mkono kwenye mshahara kwa hiari yake. Ongezea kwamba kuchelewa kwenyewe kumesababishwa na muda mliopewa kuwa pungufu tangu mwanzo, na utaona ni kwa nini nakushauri makato hayo uyaorodheshe yote, tarehe na kiasi, ili yarudishwe.

Lile la kibao cha choo limeniumiza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vinavyofaa, maji safi ya kunywa na mahali pa kunawa. Kuweka choo halafu kumzuia mtu kukitumia ni kuiondoa maana ya sheria hiyo. Mama mjamzito hawezi kujipangia saa za kwenda haja ndogo. Mtoto anavyokua ndivyo kibofu kinavyobanwa, na kujizuia kunaweza kumletea maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo katika ujauzito ni hatari kwake na kwa mtoto. Mwenzako huyo asisubiri madai ya wote yaishe. Aende kliniki anakohudhuria, aombe maelezo mafupi ya maandishi kwamba anahitaji kwenda chooni kila anapohisi haja na kupata mahali pa kukaa mara kwa mara, ayapeleke ofisi ya utumishi badala ya kwa msimamizi, na abaki na nakala. Wewe pia fanya hivyohivyo kuhusu vidonda vyako. Maneno ya mganga uliyoyapeleka kwa mdomo msimamizi aliweza kuyapuuza, lakini karatasi yenye mhuri wa kituo cha afya iliyopokewa ofisini hawezi kusema hakuiona. Wakati huo, kama taratibu za usafi wa kiwanda zinaruhusu, weka kitu kidogo cha kula kabla ya kuingia zamu na chai usiinywe ikiwa tumbo ni tupu.

Sasa njia ya kufuata. Anzeni kwa kuandika. Kila mmoja awe na daftari dogo nyumbani, aandike saa aliyoingia, saa kengele ilipolia, saa aliyopata sahani, saa aliyorudi, na kama amekatwa fedha. Andikeni jioni ileile, msingoje mwisho wa wiki. Katika mashauri ya kazi wanaoshindwa mara nyingi si wale wasio na haki, ni wale wasioweza kueleza ni lini na mara ngapi. Hifadhini pia karatasi za malipo, na kama malipo yanakuja kwa simu, msifute ujumbe wake.

Baada ya hapo mwandikieni meneja barua moja, fupi na ya heshima, iliyotiwa saini na wengi kadiri iwezekanavyo. Barua ya mtu mmoja inamfanya aonekane mkorofi, na ya watu ishirini inaonyesha tatizo. Elezeni mambo manne tu: muda wa chakula, ruhusa ya choo, makato, na saa za ziada. Taja jambo lenyewe na jina la sheria, wala msitegemee namba za vifungu, kwa sababu namba nyingi zilibadilika katika toleo jipya la sheria za nchi lililoanza kutumika Julai 2024, na mtu akikuta namba ya zamani anaweza kuitumia kama kisingizio cha kuwarudisha. Pendekezeni ule mpango wa makundi mawili ya kula. Wapeni muda wa kujibu, tuseme wiki mbili, na mpate saini ya aliyepokea barua kwenye nakala yenu.

Kama kiwandani pana tawi la chama cha wafanyakazi, mwone mwakilishi wake kabla ya kupeleka barua. Kama hakuna, mnayo haki ya kujiunga na chama, na hiyo pia imo kwenye Ibara ya 40 ya Katiba.

Mkipuuzwa, nendeni kwa afisa wa kazi katika ofisi za serikali ya mtaa hapo Jinja. Huyo ndiye ambaye sheria imempa mamlaka ya kupokea malalamiko, kuyachunguza, kusuluhisha na kuamua, na ana uwezo wa kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, mchana au usiku, kukagua hali na kuangalia madaftari. Hamhitaji wakili kumwona. Mwombeni aje kama ukaguzi wa kawaida na asitaje waliolalamika, na mpangieni saa ya kufika: saa saba kasoro dakika tano, ili aione foleni kwa macho yake. Nawaambieni ukweli kwamba ofisi hizi zina watu wachache na kazi nyingi, kwa hiyo jiandaeni kurudi na kukumbushia. Siku 90 zikipita tangu mlipopeleka malalamiko bila uamuzi, sheria inawaruhusu kulipeleka shauri kwenye Mahakama ya Viwanda, na hata uamuzi wa afisa ukitoka na msiridhike nao, rufaa inakwenda hukohuko.

Umeuliza kuhusu kufukuzwa, na siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayejaribu. Ninachoweza kukueleza ni kinga uliyonayo. Sheria inasema kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwondoa mtu kazini, isipokuwa malalamiko yawe ya kizembe na yasiyo na msingi wowote, na yenu si ya namna hiyo. Ujauzito nao si sababu halali. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au utendaji mbaya, mwajiri anapaswa kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, naye anaweza kwenda na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Mkiitwa mmoja mmoja ofisini, msiende peke yenu na msitie saini kitu ambacho hamjakisoma, hata mkiambiwa ni cha kupokelea malipo. Aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi akiondolewa isivyo haki anaweza kulalamika kwa afisa wa kazi, lakini afanye hivyo ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyoondolewa. Watu wengi hupoteza haki yao kwa kungoja mwajiri atulize hasira, na miezi hiyo mitatu inakwisha wakiwa bado wanampigia simu.

Kama utaona hatari ya kuongoza jambo hili ni kubwa mno kwako kwa sababu ya watoto, sitakulaumu. Basi chagueni watu watatu au wanne wa kwenda pamoja kila hatua, ikiwezekana wawili wa zamu yenu na wawili wa zamu ile nyingine, maana nao wanakula usiku kwa dakika hizohizo, na uongozi utakuwa na kazi ngumu zaidi kuwaondoa wote. Daftari lako la nyumbani lianze leo, hata kabla hamjakutana.

Mshauri wako